Kamera ya zamani ndani ya sanduku: tuisome kabla ya kuiuza



Katika familia zetu kuna masanduku ambayo hayafunguliwi mpaka siku ya kilio. Ndani yake tunakuta diploma, barua, tai, na mara nyingine kamera nzito ya chuma. Baadhi ya wazee wetu walisoma Moscow, kwenye chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Kamera za kule zilirudi pamoja nao.

Mwenzetu mmoja wa likelemba, mama wa watoto wanne, alipata sanduku la namna hiyo. Kaka zake walichukua parcel ya marehemu baba yao. Yeye akaachiwa sanduku. Kijana mmoja akamwambia kwamba kamera iliyomo ni Leica ya Wajerumani, ya wakati wa vita, bei yake maelfu ya dola. Ataipeleka Ulaya kuiuza, lakini kwanza apewe dola 50 za usafiri. Pesa hizo zilikuwepo. Zilikuwa za minervali.

Tukaketi pamoja, tukaiweka kamera juu ya meza, tukaanza na jina. Mbele yake paliandikwa Zorki-4. Basi si ya Ujerumani. Zorki zilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia 1948. Zorki-4 ilianza 1956 ikaisha 1973. Ukikuta Зоркий, ni jina lilelile kwa herufi za Kirusi, maana yake mwenye macho makali. ФЭД inasomwa FED, na Киев inasomwa Kiev.

Kisha tukatazama namba. Kwa Zorki-4 na kwa Kiev za miaka ile, tarakimu mbili za kwanza za namba ya kamera ni mwaka wa kutengenezwa. Namba yetu ilianza na 63. Kamera ya 1963 haiwezi kuwa ya vita vilivyokwisha 1945. Namba ya lenzi tusiitegemee peke yake, kwa sababu lenzi inafunguliwa na kubadilishwa. FED nazo hazionyeshi mwaka kwenye namba. Tunatazama aina: FED-2 ilianza 1955, FED-3 mwaka 1961, FED-4 mwaka 1964.

Na kamera yenye jina Leica je? Kuna FED na Zorki za zamani zilizofutwa jina na kuandikwa Leica ili ziuzwe bei kubwa. Fungua lenzi, tazama ndani, upande wa juu. Leica ya kweli ina kigurudumu kidogo cha duara. Zile nyingine mara nyingi zina ulimi bapa wa chuma.

Jina FED lilitugusa sisi wazazi. Ni herufi za kwanza za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa polisi ya siri ya Wasovieti. Jina hilo lilipewa makao ya watoto karibu na Kharkiv, Ukraine, yaliyofunguliwa 1927 na kuongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Walikuwa watoto wa barabarani, wavulana na wasichana, ambao vita na njaa viliwaacha bila wazazi. Walisoma nusu ya siku na kufanya kazi nusu nyingine. Kuanzia 1934 walitengeneza kamera kwa kuiga Leica, kazi ya vipimo vidogo kuliko unywele. Sisi tunaopita maibobo kila siku sokoni, tukiwaita wezi, tulinyamaza kidogo tuliposikia hayo.

Mwenzetu hakutoa zile dola 50. Minervali ililipwa. Kamera yenyewe si mali kubwa: Zorki-4 zilitengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu. Lakini mtoto wake mkubwa alipiga hesabu akaona kwamba mwaka 1963 babu yake alikuwa bado mwanafunzi Moscow, na sasa anataka kujua alimpiga nani picha. Kamera imebaki nyumbani.

Mama, ukikuta kamera kama hiyo, andika jina na namba yake kwenye daftari kabla ya kumwonyesha mtu wa nje. Usizungushe kile kidude cha mwendo kabla ya kuvuta filamu, maana mashine ya ndani inaweza kuharibika. Anayetaka pesa yako kwanza ili akuuzie kitu chako, mwache aende. Na kama mzee mwenye kamera bado yuko hai, mkalishe na watoto jioni moja, awaambie aliinunua wapi. Mkutano ujao, mwenye kamera ya zamani ailete, tutaisoma pamoja.