Kitenzi cha Kupiga

Jirani yangu hapa Soweto, Moshi, ni mpiga gitaa. Gitaa hilo limemlisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na sherehe zinapopungua hutoka na kamera. Hapendi kutajwa jina, hivyo nitamwita Jirani. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa Kiswahili katika shule moja ya bweni, na hadi leo hunipa shikamoo kabla sijamfungulia geti.

Jumapili asubuhi, kilele cha Kibo kikiwa bado hakijafunikwa na mawingu, huja tukakaa barazani kwangu. Mazungumzo yetu hayana mpangilio: tutaanza na muziki, tuhamie kwenye kamera, tuishie kwenye gari lake aina ya Noah. Siku moja niligundua kwamba yote matatu anayaeleza kwa kitenzi kimoja. Anapiga gitaa, anapiga picha, na Noah yake huipiga starti mara tatu ndipo iwake. Enzi zangu pale Chuo cha Ualimu Marangu, kitenzi hiki kilitusumbua sana. Tunapiga pasi, simu, kura, mbizi, mhuri, hata magoti, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Kitenzi chenyewe ni kama mkono mtupu; nomino inayokifuata ndiyo huupa mkono huo kazi.

Kuhusu jukwaa, Jirani anasema kwamba nyimbo mbili za kwanza yeye hupiga kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye miguu ya watu. Miguu haidanganyi. Katika harusi za huku mlimani, iwe Kibosho, Machame au Rombo, wazee huketi mbele, mara nyingi karibu kabisa na spika. Kijana asiyejua kazi hufungulia sauti mpaka mwisho, wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja hata kabla ndafu haijaletwa. "Mwalimu," huniambia, "mpigaji mbaya anaogopa kimya. Anajaza kila nafasi." Nilimjibu kwamba wapo washairi wa namna hiyo pia: mizani zimetimia, vina vimetimia, lakini nusu ya maneno yameitwa kuja kuziba pengo tu.

Anasema uvumilivu huo alifundishwa na kamera. Alianza na mkanda wa picha 36, na kila picha ilikuwa fedha. Ukishabonyeza huwezi kujua ulichopata mpaka upeleke mkanda mjini kusafishwa. Kwa hiyo ulimtazama bibi harusi kwa muda mrefu, ukasubiri acheke kicheko chake mwenyewe, si kile alichoagizwa na mshereheshaji. Siku hizi, asema, watu wanapiga picha mia tatu na hawajamwona bibi harusi.

Gari nalo hulisikiliza kama chombo cha muziki. Likianza kutoa sauti isiyo yake, husimama pembeni, hata kama wenye sherehe wanapiga simu kila dakika. Nilidhani ni mzaha wa mwanamuziki, mpaka aliponihesabia. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz kupiga katika maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani, alikufa kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Magwiji wawili wa mji mmoja, Morogoro, wote wamechukuliwa na barabara. Kazi ya muziki huisha usiku wa manane, na kesho yake kuna watu wengine wanaosubiri mahali pengine. Desemba hapa kwetu ndiyo mbaya zaidi: Wachagga wanarudi "kuhesabiwa", harusi na kipaimara vinafuatana, na magari yanafululiza kutoka Same, Mwanga na Himo. Jirani ana sharti moja: ikishapita saa sita usiku, hashiki usukani. Hulala palepale kwenye sherehe, juu ya godoro, katikati ya spika. Wengine humcheka.

Julai iliyopita, baridi ikiwa imeshika, nilimwona akisugua kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Nikamuuliza kuna nini. Akajibu bila uzito wowote, "Hiki huuma kukiwa na baridi, Mwalimu. Tangu zile fimbo."

Nilikuwa nimesahau. Au tuseme nilikuwa nimejisahaulisha. Mwaka 1989, akiwa kidato cha tatu, alitoroka bweni Jumamosi moja kwenda mjini kusikiliza bendi. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Nilimpiga fimbo nne viganjani, na ya mwisho ilitua kwenye vidole. Nilikuwa kijana, nikiamini ninamwokoa na uhuni. Nimetumia miaka mingi kufundisha matumizi ya kitenzi hiki, lakini sikuwahi kukaa na ile maana yake ya kwanza, ile ambayo ndani yake kuna mtu anayeumia.

Nilimwomba radhi, ila maneno yalitoka yakiwa yamevunjika, mimi niliyezoea kusahihisha insha za wengine. Hakuniambia "yamekwisha", wala hakulaumu. Alikaa kimya, kimya kile asichokiogopa. Kisha akachukua kamera yake mezani, akasema, "Mwalimu, geuka kidogo huku kwenye mwanga."

Picha hiyo ninayo. Sikutazama kamera, nimeinamisha macho, naitazama mikono yangu. Nilimwomba aifute tupige nyingine nzuri zaidi. Alikataa. Alisema hiyo ndiyo aliyokuwa akiisubiri.