Daraja la Tsavo na Majina Yasiyoandikwa

Kwetu Tarime hakuna reli. Mwaka 2012 nalisafiri kupitia Sirari hata Nairobi, na huko nikapanda gari la moshi la usiku, katika njia ile ya zamani iliyoacha kuchukua abiria wa Mombasa mwaka 2017. Kabla hakujapambazuka mzee mmoja akaniamsha, akasema, "Mwalimu, twavuka mto Tsavo."

Niliporudi naliwasimulia watoto wa darasa langu habari za daraja lile. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, kando ya ziwa letu, mwaka 1901. Mwezi wa Machi 1898 Mwingereza J. H. Patterson alifika Tsavo kujenga daraja. Simba wawili wakawa wakiingia kambini usiku, wakiwatoa watu hemani na kuwala, hata wafanya kazi wengi wakakimbia na kazi ikasimama. Desemba mwaka ule Patterson akawaua wote wawili, na mwezi wa Februari 1899 daraja likamalizika.

Watoto walifurahi sana. Lakini msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hao walioliwa waliitwa nani?"

Naliona haya. Jina la Mwingereza nalilijua. Hata simba nalijua walipo, kwa maana ngozi zao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, nao wamo humo hata leo. Patterson aliandika kwamba Wahindi walioliwa walikuwa 28. Waafrika walikuwa wengi, wala hesabu yao haikuandikwa. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na nywele za simba wale, wakakisia ya kuwa walikula watu 35 hivi. Basi nywele za simba zimetupa hesabu, bali jina hazikuweza kutupa.

Nikawaagiza watoto wakaulize nyumbani: katika ukoo wetu ni nani aliyekwenda kufanya kazi mbali, asirudi? Kesho yake wakaleta majina katika madaftari yao. Yule msichana alikuwa ameandika hivi: "Ndugu yake babu wa baba. Alikwenda kazi Kenya. Jina limesahauliwa."

Ndugu wazazi na walimu, jioni tuotapo moto, tuwatajie watoto majina ya wazee wao, nao wayaandike, maadamu tungali tukiyakumbuka.