Mishale Myekundu: Kila Rubani na Mahali Pake

Wako watu wasemao kwamba kuchezesha ndege za kijeshi angani ni kuharibu mafuta na kuhatarisha maisha bure. Neno hilo lina uzito, maana watu wamekufa katika kazi hiyo. Lakini kabla ya kutoa hukumu, yafaa kuitazama habari ya Red Arrows, yaani Mishale Myekundu, kikosi cha Jeshi la Anga la Uingereza.

Kabla yao palikuwa na vikosi vingine. Mwezi Septemba 1958, huko Farnborough, ndege 22 za aina ya Hunter, zikiongozwa na Roger Topp wa Black Arrows, zilipanda pamoja, zikalala chali, kisha zikashuka na kutimiza duara moja angani. Mwaka 1964 walimu wa urubani wakaunda kikosi cha ndege ndogo za Gnat zilizopakwa rangi ya manjano, mkuu wao akiwa Lee Jones. Wakubwa wa jeshi waliona kwamba wingi wa vikosi hivyo wawapotezea marubani muda wa kazi yao hasa, wakakata shauri kiwe kimoja tu. Ndivyo walivyozaliwa Red Arrows, wakaanza maonyesho mwezi Mei 1965 kwa ndege saba, Jones akiongoza tena. Mwaka uliofuata uongozi ukamwangukia Ray Hanna, mzaliwa wa New Zealand. Na mwaka 1968 idadi ikawekwa kuwa ndege tisa. Tangu mwaka 1980 wametumia ndege za Hawk.

Rubani haruhusiwi kuomba nafasi humo kabla ya kutimiza saa 1,500 za kuruka. Akichaguliwa, hukaa kwa kawaida miaka mitatu, kisha humwachia mwingine. Mwaka 2009 Kirsty Moore alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia. Kila wakishuka, huketi pamoja kutazama filamu ya mruko wao, na kosa hutajwa wazi bila kujali cheo. Tena hawana rubani wa akiba, kwa kuwa kila mahali katika safu pana mazoezi yake. Mmoja akiugua, wanane huruka. Kiongozi akikosekana, hakuna maonyesho.

Hata hivyo ajali haikukosa kuwafikia. Tarehe 20 Januari 1971, huko Kemble, ndege mbili ziligongana mazoezini, wakafa watu wanne. Mwezi Agosti 2011 Jon Egging aliangushwa na ndege yake karibu na Bournemouth mara baada ya maonyesho. Na Novemba mwaka uo huo Sean Cunningham alikufa huko Scampton, kiti chake kilipofyatuka ndege ingali chini na mwavuli usifunguke. Mwaka 2012 kikosi kiliruka kwa ndege saba tu. Hakuna aliyetwaliwa kwa haraka kuziba pengo; watu walingoja mpaka wengine wamefunzwa sawasawa, na mwaka 2013 tisa wakaonekana tena.

Basi anayeuliza faida ya kazi hiyo asitazame moshi mwekundu, mweupe na wa buluu peke yake. Atazame pia watu wanaokubali kukosolewa kila siku, wasiotia mtu mahali asipopaweza. Umoja ni nguvu, wazee walisema; lakini umoja wa namna hiyo haupatikani pasipo kila mtu kupajua mahali pake na kupatunza.