Majirani wawili, LUKU moja na friji lisilozimwa

Misungwi. Umeme ulikatika saa mbili usiku, tarehe 30. Haukukatika mtaa mzima. Nyumba za ng'ambo ya njia taa zilikuwa zinawaka na taarifa ya habari ilisikika vizuri. Giza lilikuwa kwenye nyumba moja tu, ile yenye wapangaji wawili na mita moja ya LUKU.

Upande wa mbele anaishi mama mwenye watoto wawili: binti wa kidato cha tatu na mvulana wa miaka tisa. Baba yao anahangaika na machimbo madogo Geita, hutuma fedha anapopata. Mama naye huuza barafu za ukwaju karibu na shule ya msingi. Upande wa nyuma anaishi fundi cherehani, mzee wa miaka sitini hivi, anayeshona sare za shule. Watoto humwita babu. Asubuhi mama humwamkia, naye hujibu, "Marahaba mayu. Mwangaluka."

Ila wiki hiyo salamu zilikuwa zimepungua. Binti alikuwa akipita uani akiangalia chini, na mdogo wake alishamuuliza mama yake swali ambalo mzazi hapendi kuulizwa: "Mama, babu bado tunamwamkia?"

Mpango wao ulikuwa wa zamu. Huyu ananunua umeme wa Sh5,000, ukiisha ananunua mwenzake. Ulionekana wa haki, wala hakuna aliyeona haja ya kuuandika.

Mwezi huo mama alinunua tarehe mosi, umeme ukakaa siku kumi. Fundi akanunua, ukakaa siku 14. Mama akanunua tena tarehe 25, na siku ya tano mita ikazima. Kwa hesabu yake, Sh10,000 zake zilikaa siku 15, na Sh5,000 za jirani zikakaa karibu siku hizo hizo. Aliamini kuna mchezo. Pengine fundi akiona ni zamu yake anabana, ikiwa ya mwenzake anaachia pasi toka asubuhi hadi jioni.

Fundi naye alikuwa na lake. "Mimi nina taa, cherehani na pasi," aliwaambia wateja wake. "Mwenzangu ana friji, mchana na usiku. Anauza barafu kwa umeme wangu."

Kwa hiyo umeme ulipoisha tarehe 30, zamu ikiwa ya fundi, alitoa jibu moja kupitia dirishani: "Friji ndilo limekula. Lijinunulie lenyewe."

Mama hakujibu. Kwenye simu alikuwa na Sh800.

Kilichokuwa ndani ya friji

Kuna jambo ambalo fundi hakuwa analijua, kwa sababu mama hakuwahi kulisema. Mtoto wake wa miaka tisa ana kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mwili wake hautengenezi insulini, hivyo huchomwa sindano kila siku. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Hizo ndizo zilikuwa kwenye friji, nyuma ya barafu za ukwaju.

Aliificha habari hiyo kwa sababu anazozijua mzazi yeyote mwenye mtoto anayeumwa. Hakutaka mwanawe aitwe mgonjwa mtaani. Hakutaka ushauri wa dawa za miti shamba kila akipita dukani. Akaona bora majirani wadhani friji ni la biashara tu.

Usiku ule aliwakataza watoto kufungua mlango wa friji. Kliniki walishamweleza kwamba friji lisipofunguliwa hushika ubaridi kwa saa nne hivi, na kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya friji, mahali pasipo na joto kali wala jua, kwa takriban wiki nne. Walimfundisha pia njia ya akiba: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa maji katikati, kitambaa chenye unyevu juu, na dawa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Alijua dawa haitaharibika kwa saa chache. Hofu yake ilikuwa siku zinazofuata.

Mtoto hakujua hesabu hizo. Mama alipokwenda uani kutafuta mchanga, yeye alizunguka nyuma na kubisha kwa fundi.

"Shikamoo babu. Mama amesema tusikusumbue. Ila dawa yangu ya sindano ipo kwenye friji."

Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akachukua simu. Alinunua umeme wa Sh2,000, akaenda kwenye mita na kuingiza tarakimu 20 za tokeni huku mtoto akimmulikia tochi. Taa ziliwaka. Zilikuja uniti nne na ushee.

Mama alirudi akiwa na mchanga kwenye bakuli, akamkuta fundi amesimama mlangoni.

"Mayu, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba, wakati hata salamu zilikuwa zimetushinda?"

Siri ilikuwa kwenye ujumbe wa simu

Asubuhi ya tarehe mosi fundi alinunua tena, safari hii Sh5,000. Zikaja uniti 28. Akashangaa kwa sauti: zamu yake ya katikati ya mwezi fedha hiyo hiyo ilileta uniti 41. Mama akakumbuka kwamba tarehe 25 Sh5,000 zake zilileta 15 tu. Binti wa kidato cha tatu akaomba simu zote mbili, akasoma ujumbe wa malipo mstari kwa mstari, jambo ambalo wakubwa wake hawakuwahi kulifanya.

Jibu lilikuwa humo. Mita yao iko kwenye daraja la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, uniti 75 za kwanza za mwezi ni Sh100 kila moja, na zinazozidi hapo ni Sh350. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, uniti ya kwanza inafika Sh122 na ile ya juu Sh427. Anayezidisha mara kwa mara huweza kuhamishwa kwenda daraja la T1, ambako kila uniti ni Sh292 kabla ya makato hayo.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, na mwaka 2023 ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa.

Kwa hiyo Sh5,000 ya kwanza ililipa kodi, ya pili ikafaidi bei ya chini, ya tatu ikaangukia bei ya juu. Uniti 28, 41 na 15. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Zamu zenyewe ndizo zilikuwa mbovu.

Kupima badala ya kudhania

Swali la friji na pasi lilibaki, na binti alilijibu kwa njia ambayo familia yoyote inaweza kuijaribu. Usiku wa saa nne walizima kila kitu isipokuwa friji, akaandika namba ya mita. Saa kumi na mbili asubuhi akaisoma tena. Friji lilikuwa limetumia uniti 0.35 kwa saa nane, yaani kama uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Kisha fundi akapiga pasi saa nzima vitu vingine vikiwa vimezimwa, friji likibaki. Ukitoa sehemu ya friji, pasi ilitumia nusu uniti. Kwa saa mbili kila siku ya kazi, hiyo ni uniti 26 kwa mwezi.

Wakiweka taa na televisheni, upande wa mama ulifika uniti 44. Wakiweka cherehani, taa na redio, upande wa fundi ulifika 41. Walikuwa wamenuniana kwa tofauti ya uniti tatu.

Jumla ilikuwa 85. Zile uniti kumi za juu ziliwagharimu zaidi ya Sh4,200, wakati uniti kumi za mwanzo ni Sh1,220 tu.

Wakaandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari na kuibandika juu ya mita. Zamu zimefutwa. Kila tarehe mosi kila upande unatoa Sh5,325, wananunua mara moja kwa Sh10,650, na baada ya kodi zinapatikana uniti 75. Fundi anakusanya nguo na kuzipiga pasi siku mbili kwa wiki, badala ya kuipasha upya kwa kila sketi. Mama amelisogeza friji mbali na ukuta, amebadilisha mpira wa mlango uliolegea, na haingizi tena juisi ya moto. Ukizidi, wanaketi na kusoma mita kabla ya kusemana.

Mwenye nyumba, anayeishi Mwanza mjini, alipigiwa simu kuhusu kodi ya jengo, kwa kuwa kisheria mdaiwa ni mwenye jengo. Alikubali Sh1,500 itolewe kwenye kodi ya pango kila mwezi. Alikubali pia kumlipa fundi umeme mwenye leseni ya EWURA abadilishe waya mwembamba uliopita juu ya bati kwenda upande wa nyuma. Waya huo ulikuwa ukipata moto kila pasi ilipowashwa. Ungechubuka, bati zima lingeshika umeme, na watoto huanika nguo kwenye kamba iliyofungwa hapo hapo.

Mita ya pili bado haijapatikana. Kila upande ungekuwa na uniti zake 75 za bei ya chini, na ugomvi ungekosa pa kuanzia. Ada ya kuunganishwa ni Sh27,000 vijijini, lakini kwa maeneo yanayohesabiwa kuwa ya mjini ni Sh320,960 hata pasipohitajika nguzo. Mwenye nyumba amesema atafikiria.

Mwezi wa kwanza walitumia uniti 79. Wa pili, 72. Mama bado hapendi ugonjwa wa mwanawe utangazwe, na fundi hajamwambia mtu. Ila umeme wa mtaa ukikatika usiku, sauti husikika kutoka upande wa nyuma kabla hata mshumaa haujawashwa:

"Mayu, friji msilifungue. Chungu chako kina maji?"