Manyoya ya Kapita

Nyumbani kwetu Kindu, kando ya mto Lualaba, tunaye kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Kapita. Babu ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakuacha kutoa amri: "Amka!" "Leta maji!" "Funga mlango!" Babu alikuwa mtu wa reli. Alimnunua kwa mchuuzi mmoja aliyekuja na makinda juu ya baiskeli kutoka misitu ya upande wa Lomami; mimi nilikuwa sijazaliwa. Kila jioni babu alimtoa tunduni, akamweka begani, wakakaa barazani mpaka giza likaingia. Kapita alijua kukohoa kama babu, kikohozi kile kile cha tumbaku, hata wageni walikuwa wakimtazama kasuku babu anapokohoa, na kumtazama babu anapokohoa kasuku.

Babu akafa. Watu wa matanga wakajaa nyumbani, tundu likaondolewa barazani likatundikwa pembeni mwa jiko, penye moshi, na matanga yalipokwisha hapana mtu aliyekumbuka kulirudisha. Kapita akawa analishwa makombo ya wali na karanga. Niliporudi likizo, miezi miwili baadaye, karibu nisimtambue. Kifua chote kilikuwa uchi, ngozi imetoka nje kama ya kuku aliyekwisha kutiwa maji ya moto. Mapajani hana kitu. Katika mkia ule mwekundu yalibaki manyoya manne tu.

Sasa nitasema jambo lililonifanya nishike kalamu. Ninaye mdogo wangu, Amani, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 12. Huku kwetu wako watu wanaotafuta manyoya mekundu ya kasuku, wengine kwa dawa, wengine kwa mapambo ya ngoma, nao hutoa fedha. Nikapekua madaftari ya Amani, nikakuta manyoya mekundu matatu katikati ya kurasa za hesabu. Nikamwita baba. Amani akasema ameyaokota chini ya tundu, akayaweka kwa ajili ya babu. Nikacheka. Mimi, mwanafunzi wa darasa la tano, mwenye kusoma elimu ya viumbe, nikamwambia mtoto yule mbele ya baba yake, "Unyoya haung'oki wenyewe." Baba akamchapa, na siku ya tatu akampeleka kwa mjomba kijijini, akae huko mpaka ajifunze adabu. Alipokuwa akipanda baiskeli ya mjomba hakunitazama.

Haikupita wiki nikashikwa na malaria, nikalazwa mkekani karibu na jiko ili bibi apate kuniangalia. Alfajiri, kila mtu amelala, nikasikia kitu kama mtu anayekatakata majani makavu. Nikainua macho. Kapita aliinamisha kichwa, akaushika unyoya wa pajani kwa mdomo, akauvuta, akatoa mlio mdogo wa maumivu. Kisha akaligeuzageuza shina lake na kulitafuna polepole, kama mzee na mswaki wake, akauachia uanguke. Akachukua mwingine. Nilihesabu saba. Nilidhani ni homa inayonionyesha mambo, lakini usiku wa pili nikakaa macho makusudi, nikaona yale yale.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote! Kichwa cha Kapita kilikuwa na manyoya yake yote, yamepangwa vizuri kama magamba ya samaki. Ndege anaweza kufikisha mdomo kifuani, mapajani, chini ya mabawa, mgongoni na hata mkiani, lakini kichwani pake hawezi. Basi ukimwona ndege aliye peke yake tunduni, mwili uchi na kichwa kizima, mara nyingi anayemnyonyoa ni yeye mwenyewe. Tena mtoto mwenye kuiba manyoya ya kuuza angechukua ya mkia, akayaacha ya kifua ambayo hayana mnunuzi. Mtu yeyote asiye na haraka angaliyafahamu hayo. Mimi nilikuwa na haraka.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumtazama alizoea mbuzi. Alitafuta utitiri, hakuuona, akaenda zake. Niliporudi shuleni nikamwuliza Padri anayetufundisha elimu ya viumbe. Yeye alinieleza kwamba ndege wote hupukutisha manyoya ya zamani, lakini kwa kasuku huwa kidogo kidogo, mapya yakichipua nyuma yake, pasipo kuacha kipara. Uko ugonjwa wa virusi unaowashika jamii ya kasuku: manyoya mapya hutoka yamepinda au yamebanwa shinani, na dawa yake hakuna. Katika wale kasuku wadogo wa Australia wenye kishungi, wanaofugwa sana Ulaya na Marekani, wako wa rangi ya manjano wanaozaliwa na kipara nyuma ya kishungi. Hiyo ni nasaba tu, si ugonjwa. Halafu kuna chakula, maana karanga na mbegu peke yake hazina vitamini A ya kutosha, na ngozi huharibika. Halafu kuna moshi. Halafu upweke. Kasuku wa kijivu porini huishi kwa makundi, hulala mamia kwa mamia mahali pamoja, na mchana huruka mbali kutafuta matunda. Kapita hakuwa na kundi ila babu.

"Basi, Padri, ni ipi katika sababu hizo?"

"Sijui," akasema. "Labda tatu kwa pamoja. Hata madaktari wa ndege mara nyingi hawajui."

Sikulipenda jibu lile. Nilitaka sababu moja, kama nilivyokuwa nimetaka mwizi mmoja.

Nikampigia baba simu, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyemshitaki, na wewe ndiye utakayemfuata." Likizo ilipofika nikaenda. Nilimkuta Amani mtoni na mjomba, wanatengeneza mgono wa samaki. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno njia nzima, lakini nilipomwomba radhi yalitoka machache tu. Akaendelea kufunga kamba. Kisha akauliza, "Kapita amekufa?" Nikasema hajafa. "Basi turudi," akasema, na njiani hatukuzungumza sana.

Amani ndiye aliyemtunza tangu siku ile. Tundu likarudi barazani. Kapita akapewa matunda ya mchikichi, ambayo kwetu yamejaa tele na hakuna aliyefikiri kumpa, na matawi mabichi ayamenye maganda badala ya kujimenya yeye. Siku za jua hunyunyiziwa maji. Jioni hukaa begani mwa Amani. Baada ya miezi mapaja yakafunikwa na mkia ukajaa, lakini kifua kimebaki uchi, maana shina la unyoya likijeruhiwa mara nyingi hufa, halichipui tena. Na ziko siku, nyumba ikiwa tupu, anaanza upya.

Wengine huniuliza kwa nini tusimwachie msituni. Ndege aliyelelewa na watu tangu kinda haujui msitu, na asiye na manyoya ya kutosha hawezi hata kukimbia baridi ya usiku. Ila mimi nisingemnunua. Wategaji hupaka ulimbo matawini, wakamfunga kasuku mmoja awaite wenzake, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yaliamua kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini. Babu alinunua zamani, bila kujua hayo.

Kama miongoni mwenu wazee wa shule hii yuko aliyesomea udaktari wa wanyama, na anajua dawa ya kifua cha Kapita, naomba aniandikie kwa mkono wa Mhariri. Amani anatazamia kuingia shuleni hapa mwaka ujao, nami nitakuwa nimeondoka. Manyoya yale matatu bado anayo katika daftari lake la hesabu. Sijathubutu kumwomba anionyeshe.