Sindano Kwanza, Santuri Baadaye

Yumkini nawe unalo nyumbani, juu ya kabati au chini ya kitanda, sanduku la santuri ambazo hazijapigwa kwa miaka mingi. Walizinunua wazee wetu wakati ambapo nyumba yenye mashine ya santuri ilijulikana mtaa mzima, na jioni ya Jumamosi watoto wa jirani walijaa dirishani. Siku hizi vijana wanazitafuta upya, na mashine zake zinashuka tena katika makontena ya vyombo vilivyotumika, zikiwa zimebanana na majokofu na baiskeli za Ulaya. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, wanunuzi wengi hutazama mbao za mashine na kung'aa kwake, wakasahau kidude kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ambacho ndicho pekee kinachoigusa santuri. Nakuomba tukizungumzie kidude hicho pamoja na mkono unaokibeba, maana mimi nimelazimika kujifunza habari zake kwa ajili ya santuri moja tu.

Santuri yenyewe ni ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa katika bendi moja ya jazi hapa Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi hiyo ilisafiri hadi Nairobi kurekodi nyimbo mbili. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri wakati ule. Nyimbo zilizorekodiwa katika studio za Radio Tanzania aghalabu zilibaki katika tepu za redio, na aliyetaka santuri alipanda basi kwenda Kenya. Mjomba alirudi na nakala chache, akampa dada yake, yaani mama yangu, nakala moja. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, milipuko ya mabomu ilipotikisa Gongo la Mboto na kuua watu zaidi ya ishirini, sisi tulikimbia na watoto kuelekea mjini bila hata viatu. Tuliporudi tulikuta rafu imeanguka na santuri nyingi zimevunjika vipande. Ile ya mjomba ilisalimika. Hatuna nakala nyingine, wala hatuna sauti yake mahali pengine popote.

Mama sasa ana zaidi ya miaka themanini. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nataka nimsikie kaka kabla masikio hayajafunga." Ombi hilo ni jepesi kulitamka, lakini ukiichunguza santuri ile kwenye mwanga wa jua utaona mifereji yake imepauka na kuwa na rangi ya majivu. Ilipigwa mno, kwa sindano nzito ya redio kubwa ya kabati tuliyokuwa nayo zamani. Sindano mbovu ingeweza kumaliza kwa mara moja kile kidogo kilichosalia.

Tuanze na majina. Mafundi wengi hukiita kidude hicho kichwa, nami nitakiita hivyo hivyo. Ndani ya kichwa mna sindano, ambayo ncha yake huwa ni almasi au yakuti. Sindano hushikwa na kijiti chembamba, na kijiti hushikwa na kipande cha mpira laini. Mtikisiko wa mfereji wa santuri hupanda kwenye kijiti, na nyuma yake hugeuzwa kuwa umeme. Njia za kuugeuza ni kadhaa, na hapo ndipo penye tofauti ya bei na ya madhara.

Redio za kabati za wazee wetu zilitumia vichwa vya fuwele. Fuwele hiyo aghalabu ilikuwa ya chumvi iitwayo chumvi ya Rochelle, ambayo ikibinywa hutoa umeme wa kutosha kuingia moja kwa moja kwenye redio. Ilikuwa rahisi, nayo iliwafaa watu wengi. Lakini chumvi hiyo haipendi joto wala unyevu. Na sisi wa pwani, joto na unyevu ndiyo hewa yetu. Ukipewa kichwa cha fuwele cha mwaka 1960 kilichokaa Temeke au Ilala miaka yote hiyo, usishangae kikitoa sauti ya mbu. Vilifuata vichwa vya kauri, vinavyostahimili zaidi hali ya hewa, ingawa navyo huilalia santuri kwa uzito mkubwa, mara nyingi gramu tatu hadi sita au zaidi.

Aina ya pili ni ya sumaku. Kijiti hubeba sumaku ndogo mno inayotikisika karibu na nyuzi za shaba zilizosokotwa. Umeme wake ni mdogo, milivolti tatu hadi tano hivi, kwa hiyo inahitaji amplifaya yenye mlango maalumu wa santuri. Ukiichomeka kwenye redio ya kawaida utasikia sauti ya mtu anayenong'ona chini ya mto. Aina ya tatu imegeuzwa: sumaku imetulia na nyuzi ndizo zinazotikisika. Hii hutoa umeme mdogo zaidi, na wapenzi wa muziki huisifu kwa usafi wa sauti. Ortofon ya Denmark ilitoa kichwa cha SPU cha aina hiyo mwaka 1959, na Denon ya Japani ikatoa DL-103 kwa ajili ya vituo vya redio katika miaka ya 1960. Vyote viwili bado vinatengenezwa.

Mimi nilichagua ya sumaku inayotikisika, na sababu yangu si sauti. Sababu ni ule mpira. Kichwa cha zamani, hata kama hakijawahi kutolewa kwenye boksi lake, mpira wake huzeeka. Hukauka ukawa kama ukucha, au huyeyuka ukawa kama gundi. Muuzaji atakuapia kwamba ni kipya, naye atakuwa anasema kweli, lakini kijiti hakitaweza kufuata mfereji, kitaukwangua. Sasa, katika vichwa vingi vya sumaku inayotikisika, sindano, kijiti na mpira wake huchomolewa kwa vidole kama kifuniko cha kalamu, na kwingine kote ni waya na chuma visivyozeeka upesi. Hivyo unaweza kununua kiwiliwili cha zamani na kukivika sindano mpya. Shure ya Marekani, iliyosifika kwa M44 na V15 tangu miaka ya 1960, iliacha kutengeneza vichwa mwaka 2018. Lakini kampuni ya JICO ya Japani, ambayo asili yake ni sindano za kushonea nguo, bado hutengeneza sindano zinazoingia katika viwiliwili hivyo. Ile aina nyingine ya nyuzi zinazotikisika, mpira ukifa, sharti uipeleke kwa fundi wa ng'ambo mwenye darubini. Kwa mfanyakazi wa Gongo la Mboto hiyo ni hadithi ya mbali.

Jambo lililonisumbua zaidi ni ukubwa wa ncha, na hapa nakusihi usome taratibu. Mfereji wa santuri ya mizunguko 78 ni mpana, na ncha yake ina nusu kipenyo cha mikroni 75 hivi. Santuri ndefu za mizunguko 33 zilizoanza kuuzwa na Columbia mwaka 1948, na zile za 45 zilizofuata mwaka 1949, zina mfereji mwembamba unaotaka mikroni 25. Zilipokuja za stirio mwishoni mwa miaka ya 1950, ncha ilipunguzwa hadi mikroni 18. Ncha ya 18 ukiitia katika santuri ya 78 itatambaa chini kabisa ya mfereji na kusomba vumbi lote. Ncha ya 75 ukiitia katika ya 45 haitaingia, itapanda juu na kuchana kingo.

Kumbe katika tofauti hizo mlikuwa na dawa ya santuri ya mjomba. Ncha nzito ya zamani ilikuwa imeula ukuta wa mfereji katika kimo kimoja tu. Ncha ya ukubwa tofauti hugusa ukuta huo juu kidogo au chini kidogo, mahali ambapo haukuliwa. Nilianza na ncha ya mikroni 18, yenye umbo la duara, nikiwa tayari na ya 25 kama hiyo ingeshindwa. Tena, kwa kuwa wimbo ulirekodiwa kwa sauti moja, si stirio, niliunganisha njia za kushoto na kulia. Mikwaruzo mingi, ile inayotokana na sindano kupanda na kushuka, hujifuta yenyewe kwa njia hiyo, na muziki ulio ubavuni mwa mfereji hubaki.

Mkono nao una sheria zake. Mashine kubwa za zamani za Garrard ya Uingereza, kama 301 ya mwaka 1954 na 401 ya mwaka 1965, ziliuzwa bila mkono, mnunuzi akajichagulia. Wengi walichukua wa SME, kampuni nyingine ya Uingereza iliyoanza kuuza mikono yake mwaka 1959 na kuacha kuiuza peke yake mwaka 2019. Kanuni ya kuoanisha ni kama ya gari na springi zake. Kichwa chenye mpira mgumu, kama DL-103, kinataka mkono mzito. Kichwa chenye mpira laini, kama V15, kinataka mkono mwepesi. Ukivichanganya kinyume, ama mkono utaruka kwenye kila wimbi la santuri iliyopinda, kama lori tupu kwenye barabara ya mashimo, ama utayumba kama basi lililojaza kupita kiasi. Mafundi hutaka mkono na kichwa viyumbe pamoja mara 8 hadi 12 kwa sekunde: juu ya mwendo wa kupinda kwa santuri, chini ya sauti nzito kabisa ya besi.

Lakini usibabaishwe na majina makubwa. Mkono wa kawaida wa Kijapani wa miaka ya 1970 unatosha kabisa, mradi mambo mawili yawe sawa. Ushike kwa vidole na kuutikisa pole pole: usicheze wala usikwaruze kwenye bawaba zake. Kisha tazama kama kichwa hufunguliwa kwa pete ya kuzungusha. Mikono mingi ya Japani ilifuata kipimo hicho kimoja na ile ya SME, nacho ni neema kubwa, kwani utaweka kichwa kimoja kwa santuri za 45 na kingine kwa zile za 78, na kuvibadilisha ni kazi ya nusu dakika.

Nunua pia mizani ndogo ya sindano. Wapo wanaodhani kwamba sindano ikiwa nyepesi mno ndiyo huihurumia santuri. Hasha, ikiwa nyepesi kuliko alivyoagiza mtengenezaji hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchonga. Na kabla ya kuchomeka mashine ukutani, isome nyuma. Ya Japani hutaka volti 100, ya Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Bila transfoma utasikia harufu kabla ya muziki. Tena mashine ya Marekani ambayo mota yake hufuata mapigo ya umeme huzoea mapigo 60 kwa sekunde. Kwetu ni 50, hivyo santuri itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji wa kike atakuwa baba mtu mzima. Transfoma haiponyi ugonjwa huo.

Haya yote yana gharama, wala sitakuficha. Kichwa, sindano mbili na mizani vilikula fedha ambazo mke wangu alikuwa amezitenga kwa sare za shule, na tulizungumza juu yake jioni tatu. Aliniuliza swali moja lililonizima: je, santuri ikishapigwa mara moja na mama akafurahi, kitu hicho kitafanya nini tena humu ndani? Tulikubaliana kwamba siku ya kuipiga tutairekodi papo hapo kwenye simu na kwenye kompyuta ya kijana wetu, ili santuri yenyewe isiguswe tena, na kila mjukuu apate nakala.

Tuliisafisha kwa maji yaliyochemshwa na tone la sabuni, tukaiacha ikauke usiku kucha. Tuliisubiri saa ambayo treni hazipiti, kwani nyumba yetu iko karibu na reli, na meza hutetemeka. Sauti ilitoka na mchanga mchanga, lakini gitaa lilikuwa wazi, na katika kiitikio mama aliinua kidole akasema, "Huyo wa pili ndiye." Mimi sikuwa nimejua kamwe kwamba mjomba aliimba pia. Ncha ya 25 haikuhitajika, imebaki kwenye boksi lake.

Zimebaki santuri mbili za 78 za taarabu alizoacha babu, za zama zile zilizofunguliwa na Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Zimetengenezwa kwa lakri, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, kwa hiyo usijaribu kuzisafisha kwa spiriti, zitayeyuka mbele ya macho yako. Hizo zinangoja sindano ya mikroni 75, na sindano hiyo inangoja Januari ipite na ada zake. Mke wangu ameshaandika tarehe kwenye kalenda, upande wa Februari.