Somanda: Mtoto akisema anakwenda kujitolea ng’ambo

Ukitoka Mwanza kwenda Bariadi, Ziwa Victoria linakuwa upande wako wa kushoto mpaka Lamadi. Hapo mabasi ya Musoma yananyoosha, ya Bariadi yanakunja kulia. Ziwa linabaki nyuma, na mbele ni mashamba ya pamba, mifugo na nyumba za mabati zinazong’aa juani.

Somanda iko ndani ya mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya hospitali. Asubuhi bodaboda zinashusha wajawazito na akina mama wenye watoto mgongoni. Salamu ni “Mwangaluka”, na haitolewi mbio mbio. Ukimkuta mkubwa unasimama, unasalimia, unasubiri akuulize habari za nyumbani, ndipo unaeleza shida yako.

Nilikwenda huko kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya. Mchana, mama mmoja anayeishi si mbali na hospitali alinikaribisha michembe ya karanga barazani kwake. Aliposikia ninaandika gazetini, akaniletea swali ambalo wazazi wengi wanalo siku hizi.

Binti yake amemaliza stashahada ya uuguzi na anasubiri ajira. Katika kusubiri, alijiunga na mafunzo ya umisionari ya miezi kadhaa. Sasa ameombwa kwenda nchi jirani, kwenye kituo kingine cha mafunzo hayo, awe mtumishi wa kujitolea kwa miaka miwili.

“Mwanangu, wanasema ni kazi,” mama aliniambia. “Nikauliza mshahara, hakuna. Nikauliza chakula, atachangia. Nikauliza nauli, atafute wafadhili. Sasa hiyo ni kazi au ni harusi?”

Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Fedha ya pamba ya msimu ndiyo aliyoipanga kwa ada ya mdogo wake binti huyo. Ikienda kwenye nauli na michango, mdogo atabaki nyumbani.

Tuanze na swali lake, maana jibu linawashangaza wazazi wengi. Ndiyo, ni kazi, na ndiyo, anayeifanya ndiye anayeigharimia. Mfano unaojulikana zaidi ni Youth With A Mission, au YWAM, ulioanzishwa na Mmarekani Loren Cunningham mwaka 1960. Una vituo katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Kijana huanza na shule ya uanafunzi: miezi mitatu hivi darasani, kisha miezi miwili au mitatu ya huduma nje. Baada ya hapo anaweza kuombwa abaki kama mtumishi. Watumishi ndio wanaolea wanafunzi wapya, wanaopika, wanaotunza hesabu na wanaoongoza safari za huduma. Halipwi mshahara. Hutafuta watu wa kumchangia, ndugu, marafiki na kanisa lake, na katika vituo vingi hulipia chakula na malazi kila mwezi.

Hata madaktari wamepitia utaratibu huo. Mercy Ships, meli za hospitali zilizoanzishwa na Don Stephens mwaka 1978 zikiwa sehemu ya YWAM, zimetoa upasuaji bure katika bandari nyingi za Afrika. Kwa miaka mingi wahudumu wake wa kujitolea, wapasuaji na wauguzi wakiwamo, walichangia gharama zao wenyewe za kuishi melini.

Kwa hiyo mzazi akiambiwa hakuna mshahara, asidhani moja kwa moja kwamba mwanaye ameibiwa. Wala asidhani kwamba kwa kuwa ni kazi ya Mungu mambo yatajipanga yenyewe. Simiyu yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hilo.

Kabla ya kufika Lamadi unapita Nassa, katika Wilaya ya Busega. Hapo palikuwa na kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS tangu karne ya 19, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Kanisa la AICT, lenye waumini wengi Usukumani, limetokana na kazi ya misheni hiyo. Lakini Peter Cameron Scott, aliyeianzisha mwaka 1895, hakumaliza hata mwaka wa pili: Desemba 1896 alikufa Ukambani, Kenya, kwa homa ya mkojo mweusi, ugonjwa unaoambatana na malaria. Alexander Mackay wa CMS naye malaria ilimuua mwaka 1890, kusini mwa ziwa hili hili.

Hawakukosa imani. Walikosa dawa na vipimo ambavyo leo viko hata kwenye zahanati ya kijiji. Sisi tulionavyo hatuna sababu ya kumtuma mtoto bila maandalizi.

La kwanza ni matibabu. Uliza akiugua usiku atapelekwa hospitali gani, na nani atalipa. Kadi ya bima ya hapa nyumbani isihesabiwe kuwa itamtibu nje ya nchi mpaka mwenye bima aseme hivyo kwa maandishi. Kama kituo kina bima ya watumishi, omba kuona inalipia nini: kulazwa, upasuaji, uzazi, na kusafirishwa mgonjwa kurudi nyumbani.

La pili, ajue mwili wake kabla ya safari. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa siko seli, na wapo wenye vinasaba vyake bila kujua. Apime, aandikiwe historia yake ya matibabu na dawa anazotumia, na nakala ibaki kwako. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano akitunze pamoja na pasipoti. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote, hivyo asichanjwe tena kwa sababu tu miaka 10 imepita.

La tatu ni malaria, na hapa wengi hukosea. Mtu aliyekulia Simiyu mwili wake una kinga ya kiasi fulani. Akienda nchi isiyo na malaria na kupata homa wiki chache baada ya kufika, daktari wa huko anaweza kuiona ni mafua tu. Amwambie mapema: “Nimetoka Tanzania, nipimeni malaria.” Na akikaa mbali mwaka au miwili, kinga ile hupungua. Akirudi likizo Somanda alale ndani ya chandarua kama mgeni, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Asiseme, “Mimi ni wa hapa hapa.”

La nne ni karatasi. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya au Uganda, lakini kuruhusiwa kuingia si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Sisi wenyewe tunawadai wageni wanaokuja kujitolea na wamisionari kibali cha ukaazi cha daraja C. Kituo kinachomwita kimweleze ni kibali gani kinahitajika, kinaombwa na nani na kinalipiwa na nani. Pasipoti yake akae nayo mwenyewe. Anayetaka kumtunzia muda wote, mzazi amwulize sababu.

Kwa binti muuguzi kuna jingine: leseni. Inahuishwa, na inataka mtu aendelee kujifunza fani yake. Miaka miwili ya kupika na kuongoza maombi ni huduma njema, ila haimweki karibu na wodi. Anaweza kuomba apangiwe zahanati ya kituo, mradi sheria za nchi ile zinamruhusu kuhudumia wagonjwa. Hilo lijulikane kabla ya nauli kukatwa.

Nilimshauri mama waketi na binti na mchungaji wao, waandike gharama za mwezi mmoja mmoja kwa miaka miwili, na majina ya waliokubali kuchangia. Ahadi ya kanisani ina joto Jumapili, ikifika mwezi wa nane inapoa. Fedha ya kumrudisha nyumbani ikae pembeni tangu mwanzo, isiguswe, ili asije akabaki mahali pabaya kwa kukosa nauli tu.

Mama alifikiri kidogo. “Pamba ni ya ada,” akasema. “Yeye nitampa ng’ombe mmoja na baraka zangu. Kinachobaki wamchangie waliomwita na wanaomwombea.”

Sikuona la kuongeza. Alikuwa amemaliza hesabu ambayo familia nyingi huikwepa kwa kuona haya, kana kwamba kuuliza bei ni kumpinga Mungu. Mtoto mtu mzima ana haki ya kuitikia wito wake. Mdogo wake naye ana haki ya kwenda shule. Mzazi anayeuliza nani atamtibu, nani atamlisha na atarudi kwa nauli gani hamzuii mtoto kwenda. Anamwekea njia ya kurudi akiwa mzima.